Aliposema Amechoka

Kwanza Kimya aliona upindo wa shuka. Ulikuwa umefumuliwa wote, mshono mmoja mmoja, na uzi wake umeviringishwa vizuri kama wa dukani. Shangazi yake, fundi cherehani wa miaka thelathini, ndiye aliyeufumua kwa kucha. Kiharusi kilimpoozesha miguu, mikono kikaiacha.

Kimya, jina alilopewa nyumbani kwa uchache wa maneno, akaupinda upya. Kesho yake akaukuta umefumuliwa tena.

"Nimechoka, mwanangu," shangazi akasema.

"Basi lala, shangazi."

"Nilale mara ngapi? Nimepumzika tangu mwaka jana. Nikizidisha hapo mtaniosha mnivike sanda." Akacheka peke yake. "Mbao za dari ni kumi na tisa. Na jana zilikuwa kumi na tisa. Niletee hata shati bovu nilitie vifungo."

"Utajichoma sindano."

"Najichoma tangu baba yako hana meno!"

Kimya akavuta pazia, chumba kikaingia giza, akarudi jikoni.

Muuguzi alipokuja kupima presha alimkuta mgonjwa amesinzia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Analalamika nini?"

"Anasema amechoka."

"Maskini, mwili huo." Akaacha vidonge vya kumtuliza, asubuhi na jioni.

Vidonge vilifanya kazi yake. Shuka likakaa na upindo wake. Wiki ya pili shangazi aliacha kuhesabu mbao, ya tatu akaacha utani. Uji ulipoletwa alifumba mdomo, akageukia ukutani. Mara moja tu alimshika Kimya mkono, ulimi mzito: "Si mwili..."

Kimya akamfunika vizuri.

Shangazi alikufa saa nane mchana, jua kali likiwa nje ya pazia. Waliokuja msibani walisema, "Alichoka mno, sasa amepumzika," na Kimya akaitikia kwa kichwa.

Walipoondoka, akabaki na godoro tupu. Ndipo maneno yakamtoka, kwa sauti.

"Nilikuelewa, shangazi. Tangu siku ya kwanza. Neno hilohilo nami nililisema jikoni kila siku, nikisugua sufuria zilezile, wala sikuwa na usingizi. Ningekupa shati, ningelazimika kukaa nikutungie sindano, nikusikilize mchana kutwa. Sikutaka. Nilitaka ulale."