Maili Aliyoianza Byabato

Muharami alikuwa amefungua saa za kila namna pale mtaa wa Bakoba, za wachungaji, za makarani wa bwana shauri, hata ile ya ukutani iliyowashinda mafundi wawili kabla yake, na sifa zilikuwa zimempanda kichwani kidogo. Kwa hiyo Kemilembe, mjane wa Nshamba, alipofungua leso mezani na kutoa mita ya gari, fundi alitaka kucheka. Vigurudumu vitano vya namba kwenye kijiti kimoja cha chuma! Kazi ya kabla ya chai.

"Fundi waitu, nisikilize kwanza," mama akasema kwa heshima ya kwao. "Gari lilikuwa la marehemu mume wangu, Byabato. Alirudi nalo safari ana homa, akaliegesha kando ya nyumba, akaingia ndani, hakutoka tena. Miaka minne limesimama palepale. Sasa mwanangu Philbert amejifunza udereva Kampala, amelifufua, lakini mita imeganda. Ameichomoa kabla hatujaondoka nalo nyumbani. Mimi sikusoma, ila najua zile namba ni njia zote alizopita. Picha yake sina. Ninazo hizo tu. Itembee, lakini namba zake zisipotee."

"Mama, toa wasiwasi," Muharami akajibu, na mama akaondoka na mwanawe kwenda sokoni.

Ugonjwa ulikuwa grisi. Ilipanda kutoka kwenye giaboksi kwa njia ya waya wa mita, ikakaukia humo ndani mpaka ikanata kama ulimbo. Muharami akachomoa kijiti, akasafisha vigurudumu kimoja kimoja kwa mafuta ya taa na kuvipanga kwenye kitambaa kwa zamu yao, huku akipiga mluzi. Alipoweka cha tano mluzi ukamkaukia mdomoni. Hakuwa ameandika namba.

Hilo ni kosa la mtu wa saa. Saa hata uivuruge vipi, ukimaliza unachungulia saa nyingine, unaiweka sawa, basi. Hii angeichungulia wapi? Ilikuwa na habari za mtu mmoja, na mtu mwenyewe amezikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba.

Shetani hakukawia. Weka zozote, akamnong'oneza, mama yule hasomi. Muharami alikuwa mtu wa kujisifu, lakini mwongo hakuwa. Akachukua kigurudumu cha kwanza akasogea nacho mlangoni penye mwanga. Hakutarajia kitu. Alikuwa anatafuta tu pa kuweka macho wakati anapanga maneno ya kuombea radhi.

Hapo akaona. Weusi wa kigurudumu ulikuwa umekolea pande zote, isipokuwa nyuma ya nne, ambapo ulikuwa umepauka ukawa rangi ya chai ya maziwa. Akakimbilia cha pili. Kimepauka kwenye nane, na nane peke yake. Cha tatu, kwenye tatu. Cha nne, kwenye moja.

"Yaa Rabi," akasema. Kila asubuhi kwa miaka minne jua la Nshamba lilikuwa limeingia kwa kioo cha nyuma, likapita juu ya kiti kisicho na mtu, likagusa namba zilezile zilizokuwa kwenye kidirisha cha mita. Yeye amezipoteza kwa nusu saa ya majivuno, na jua lilikuwa limemwekea. Machozi yalimlenga, naye hakuyaonea haya.

Cha tano kikamchanganya. Pale palipopauka palikuwa katikati, nusu ya sita na nusu ya saba. Akakigeuza, akakigeuza tena, ndipo akaelewa. Kigurudumu cha mwisho hakirukii namba, kinatambaa. Byabato alizima injini katikati ya maili.

Kemilembe aliporudi, Muharami alimweleza yote bila kuficha hata lile kosa. Mama akakaza uso mpaka fundi akatamani amtukane. Kisha akaomba aone. Akapokea lenzi, akavitazama vigurudumu vyote kimoja baada ya kingine.

"Hili ni jua la pale kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiki cha mwisho, mbona kimepauka katikati ya namba mbili?"

"Hiyo ni maili aliyoianza. Hakuimaliza."

Muharami akafunga mita kama jua lilivyomwelekeza, Philbert akairudisha kwenye dashibodi, na wote watatu wakaingia garini kuijaribu kwa barabara ya Nshambya, palepale mjini. Mama alikaa mbele. Fundi alikuwa nyuma, shingo ameinyoosha katikati yao, macho kwenye mita. Gari likaondoka taratibu. Sita ikaanza kujificha kidogo kidogo, saba ikajitokeza. Philbert alikuwa anaendesha kama amebeba mayai.

Saba ilipokaa sawasawa dirishani, Kemilembe alimshika mwanawe bega.

"Simama."

Gari likasimama. Mama akaiwekea mita kiganja, akakiacha hapo mpaka alipotosheka.

"Baba yako amefika," akasema. Akaondoa mkono, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Haya, sasa endesha zako."