Ngozi ya Mwalimu

Jumanne saa nne asubuhi, fundi wa maabara aliyeitwa Wembe alikuwa anakata vipande vya mguu wa mwalimu mstaafu. Jina la Wembe alibandikwa na wenzake, kwa sababu hakuna aliyeweza kukata nyama nyembamba kama yeye, mpaka mwanga unapita kama kwenye ganda la kitunguu. Mguu uliletwa wiki iliyotangulia, umekatwa chini ya goti, na karatasi iliyofuatana nao ilisema una saratani. Kazi yake ilikuwa kuandaa slaidi, vile vioo vya kutazamia vipande kwenye hadubini, ili daktari wa maabara athibitishe kwamba ugonjwa wote umetolewa.

Kusoma slaidi haikuwa kazi yake. Lakini mtu akikaa jikoni miaka kumi na tisa hujua chungu kipi kimeungua. Akaweka jicho kwenye hadubini.

Aliona ngozi imetulia juu ya nyama. Seli za juu zilikuwa zimechomeka vishikizo vyao kwenye utando mwembamba ulio chini yao, na tishu ya upande wa pili nayo imeushika utando huohuo, kama majirani wawili walioshika shuka moja lisipeperushwe na upepo. Hakuna aliyemwachia mwenzake. Penye saratani seli huachia mikono, zikatoboa utando na kuingia kwa jirani bila hodi. Hapa kila mmoja alikuwa kwake. Mguu ulikuwa mzima, ukiacha kidonda kidogo cha kiatu kilichobana.

Wembe alijua palepale alichokifanya.

Katika kazi yao namba ya mgonjwa huandikwa kwa penseli, kwa kuwa spiriti inayoosha vipande vya nyama hufuta wino. Hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua. Mwezi mmoja nyuma, ncha ya penseli yake ilivunjika, kichongeo kilikuwa chumba cha pili, naye akaona uvivu kunyanyuka. Akaandika visanduku viwili vya kuwekea vipande kwa kalamu ya wino. Kesho yake vikatoka kwenye spiriti vyeupe pe. Kimoja kilikuwa na kipande cha kidonda cha mwalimu, kingine cha fundi viatu anayekaa nje ya geti la hospitali. Wembe akakuna kichwa, akaamua cha kushoto ni cha mwalimu, akaandika upya. Alicheza kamari, wakaliwa wengine. Mwalimu hana mguu, na fundi viatu, aliyeambiwa na Wembe mwenyewe kwamba hana kitu, anatembea na saratani yake.

Alirudi kwenye beseni la maji ya moto, na kipande kilichokuwa kinaelea humo kikateleza, kikatua mgongoni mwa mkono wake wa kushoto. Alikifuta, hakikutoka. Alikisugua kwa spiriti, kikashika zaidi. Jioni kilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Ijumaa kilikuwa kimeufunika mgongo wote wa mkono: ngozi ya mama mtu mzima, yenye vinyweleo laini na kovu la ncha ya pasi.

"Hiyo ngozi umeitoa wapi?" mkewe alimuuliza mezani.

"Kazini."

"Ya mwanamke?"

"Ya mwalimu mmoja mstaafu."

Mkewe aliivuta karibu na taa, akaigeuza huku na huku. "Mbona imepauka hivi? Mali ya watu unaitunza namna hii? Haya, lete mkono." Akaipaka mafuta, kisha wakaendelea kula. Wembe alimeza matonge matatu tu.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi ngozi ile ililowa, kwa sababu ndio wakati mwalimu anaoga. Wembe alizoea kulala na taulo kando ya mto.

Jumatatu alimwonyesha daktari wa maabara. Daktari aliitazama kwa lenzi, akajaribu kuinua ukingo wake kwa koleo. "Imeshikana tabaka kwa tabaka," alisema. "Haina hata mshono. Kazi safi."

"Daktari, mguu ule ulikuwa mzima. Nilichanganya visanduku."

Daktari alisoma slaidi kwa muda mrefu, kisha akazima taa ya hadubini.

"Saini kwenye jibu la kwanza ni yangu," alisema. "Hili likitoka nje, mimi na wewe hatuna kazi. Andika hakuna ugonjwa uliobaki. Si uongo, haumo."

"Na yule wa getini?"

"Mwambie akijisikia vibaya aje apime."

Wembe aliandika. Aliona aibu kuutazama mkono wake wa kushoto, akauweka chini ya meza.

Alhamisi mwalimu alikuja mwenyewe, kwa magongo mawili. Alisema anawashwa mahali ambapo hapapo tena, na amefuata muwasho mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kuona ngozi yangu."

Wembe akampa kiti na mkono. Mwalimu alilipapasa kovu. "Ndiyo hii. Nilijidondoshea pasi siku ya kuripoti kazini, nikaenda darasani nachechemea." Akainusa. "Mafuta gani haya? Mkeo ana roho nzuri, lakini haya ni ya kupakia mlango. Nitaleta yangu, nitakuwa nakuja kila Alhamisi." Alijikuna kidogo, akapumua kwa raha. Kisha akatulia, hakuuachia mkono.

"Hii ni nzima, mwanangu."

Wembe alianza kupanga slaidi kwa mkono wa kulia.

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Karatasi ilisema kuna kidonda kibovu, na si changu. Basi ni cha nani?"

"Sijui, mwalimu."

Alikuwa anajua, na mwalimu aliona kwamba anajua. Hakumgombeza. Laiti angemgombeza.

"Mtafute," alisema. "Wangu umeshakatwa, haurudi. Yeye bado ana siku za kuokolewa, ila si nyingi. Usizile."

Mchana uleule Wembe alitoka kwenda getini. Fundi viatu alikuwa kwenye kigoda chake, mguu wa kushoto ameuegesha juu ya kasha, umefungwa kitambaa kilicholoa kwa ndani. Mapajani alikuwa na kiatu cha kike, kimoja tu.

"Mkombozi wangu!" alimwita. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku ya majibu. "Kaa, leta viatu nivipige rangi. Hiki ni cha mwalimu mmoja. Mguu mmoja, lakini madaha ya miguu minne!"

Wembe alichuchumaa. Akaweka mkono wa kushoto juu ya kitambaa. Kulikuwa na moto chini yake, na uvimbe uliopanda mpaka karibu na goti.

"Kinauma?"

"Usiku kinanisumbua, siwezi kukudanganya. Lakini nikikumbuka mlivyosema si kitu, nalala."

Wembe alifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, mafupi, hata kumi hayakufika. Akaona saini ya daktari, akaona meza yake ikikaliwa na mtu mwingine, akamwona mkewe akiulizwa sokoni.

"Ukijisikia vibaya," alisema, "uje upime."

"Nijisikie vibaya nina nini, na wewe umeshaniambia mimi ni mzima?" Fundi alicheka, akachovya kitambaa kwenye rangi na kuinamia kiatu.

Mgongoni mwa mkono, vinyweleo vya mwalimu vilisimama vyote. Vya Wembe, kuanzia kwenye kifundo cha mkono kwenda juu, vililala kimya. Alikuwa ameshavua viatu vyake. Fundi alipomaliza cha kulia, Wembe akampa cha kushoto.