Povu Kwenye Nati

…unashuka, ndiyo, unashuka kweli, si macho yake yaliyochoka, alipoingia asubuhi mshale wa geji ya presha ulikuwa juu ya mstari mwekundu na sasa uko chini yake, umeteleza polepole kama mgeni anayeondoka bila kuaga, na yeye kasimama mbele ya mtungi wa chuma wa maabara, brashi mkononi, povu la sabuni likimdondokea kiatuni, hathubutu kulipaka, na kule ofisini kwake Profesa anauliza tena, "Umeshuka?" naye anajibu, "Umeshuka, Profesa," na mzee wa watu anacheka peke yake, kana kwamba hajui kuwa mshale hushuka kwa sababu mbili, ama hewa ukaa waliyoisukumia mtungini inashikwa na kile kiyeyushi walichokitengeneza na kugeuzwa kitu cha maana, yale maji mazito yanayotiwa ndani ya betri, ama inavuja tu, inapenya kwenye nati ya lile bomba jembamba la juu na kurudi angani, anajua sana, leo hataki kujua, na geji haina ulimi, sabuni ndiyo inayosema, unapaka povu kwenye nati, likitulia ni heri, likianza kutoa mapovu basi inavuja… lisitoe, Mungu wangu, safari hii lisitoe, "Unanisikia lakini?" ni dada yake huyo, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa, sauti imefunguliwa chumba kizima kinasikia, "Nakusikia dada, endelea," na dada anaendelea, mtoto kapasua sare tena, juzi tu nimeishona, huyu si mtoto, ni kimbunga, na paa la jikoni nalo, na mbona dada yake anaongea sana leo, hajawahi kuwa na maneno mengi hivi, ni tangu alipomwambia, "Gesi imekubali, dada, nakuja kumchukua mwanangu," ndiyo haya, sare, paa, sare… na hilo ndilo kosa lake, kupiga simu kabla ya kupaka sabuni, mtu mzima aliyesoma akaona mshale umeinama akakimbilia simu, haraka haraka haina baraka, anayajua haya tangu utotoni na bado, lakini nani angengoja, miaka yote hii mshale umekaa palepale kama uliogundishwa, mvumilivu hula mbivu, walimwambia, hawakumwambia zile zinazoozea mtini anakula nani.

Na jinsi alivyokipenda kile kiyeyushi mwanzoni, poda mbili kavu, moja ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku, nyingine mbolea ya urea, unazitia chombo kimoja, unazipasha moto kidogo, unakoroga, na mbele ya macho yako zinalegea zinakuwa maji, maji safi yasiyonuka, yasiyoua samaki wala mtu, yanayeyusha gesi na kuichochea igeuke kwa pamoja, hakuna haja ya madini ya bei wala sumu, alilia siku ile, akampigia dada yake, na dada akasema, "Umesoma yote hayo ukaishia kuchanganya chakula cha kuku na mbolea?" wakacheka mpaka wakakohoa, na Profesa akaanza kuwatangazia watu, kiyeyushi cha kijani, yaani kisichodhuru mazingira, kiyeyushi cha kijani, mpaka mfagizi akachungulia chupani akauliza, "Kijani kiko wapi, mbona cheupe?"… na mtoto wakati huo alikuwa hata kutambaa hajui, alikuwa mgongoni kwa dada, kalala, shavu limebonyea, naye kasimama mlangoni na begi, "Gesi ikikubali tu, namfuata," na dada, "Nenda, mtoto hapotei kwa mama yake mkubwa," na kweli hakupotea, kala, kalala, kapasua sare, "…na jino limeng'oka, sijakwambia, la mbele, subiri akwambie mwenyewe," na pale simuni mlango unalia, vyombo vinagongana, "Njoo usalimie," "Nani?" "We njoo tu," miguu midogo inakuja mbio, pumzi inajaa chumbani hapa kati ya chupa, "Shikamoo mama mdogo."

Mama mdogo… marahaba, anasema marahaba, mdomo unasema wenyewe, kumbe ndivyo, jina amelipata kwa watoto wa dada, wao wanamwita mama mdogo na wana haki, ndivyo alivyo kwao, na huyu naye kalibeba kama alivyobeba mafua yao na nyimbo zao, nani angemkosoa, na jino je, anauliza, "Limeng'oka," sauti inapita kwenye pengo, halafu pembeni, si kwake, kwa yule mwingine, kwa raha kabisa, "Mama, nimeshamsalimia, naweza kwenda?" na dada anasema, "Nenda," kwa sauti ndogo, miguu inaondoka mbio, na dada yake analia, anajitahidi asisikike, anasema, "Basi utakuja lini?" na yeye anautazama mshale, umeshuka tena, uzi mmoja, na kile alichokuwa akikiomba tangu asubuhi kimemgeuka, likitulia povu itabidi aende, ashuke kwenye gari na zawadi mkononi, amtoe mtoto kwa mama yake, na likitoa mapovu atabaki hapa, atafungua nati, atabadilisha mpira wa kuzibia, ataanza upya, atakuwa bado yule anayekuja… toka, anaomba sasa, vuja, Mungu nisamehe, vuja tu, "Umeshuka zaidi?" Profesa anauliza kwa furaha, na dada kwenye simu, "Lini, mdogo wangu?" naye ameinua brashi, haijaigusa nati bado, povu linadondoka kiatuni.