Chambo cha Mkono wa Kushoto

Mimi nafunga vyambo vya manyoya vya kuvulia samaki, na kazi nyingine siiwezi. Mwishoni mwa Juni, mji wetu mzima wa Grayling huulizana swali moja tu: wameshatoka? Wanaouliziwa ni wale wadudu wakubwa wa manjano wanaoibuka kwenye tope la mto Au Sable jua likizama. Wakitoka, samaki wazee aina ya trauti ambao mwaka mzima hawababaishwi na chochote hupoteza akili. Watu wazima nao vilevile. Wiki mbili hawalali, hawaogi, na wote wanataka vyambo vyangu, tena leo hii.

Chambo chenyewe si mchezo. Ndoana ni kubwa, mkia ni nyuzi tatu za unyoya, kiwiliwili ni nywele za kulungu zilizotiwa rangi ya manjano na kubanwa kwa uzi unaopishana. Juu linasimama bawa jeupe, na chini yake unazungushwa unyoya wa shingo ya jogoo. Sisi wengine huzungusha uzi kwenda mbele, mbali na kifua. Ndugu yangu Lyle alikuwa wa mkono wa kushoto, jiriwa lake, kibanio kinachoshika ndoana mezani, lilitazama upande wa pili na uzi wake ulizunguka kinyume. Nilizoea kumtania kwamba anafunga kama mtu aliye ndani ya kioo.

Lyle alichukuliwa na mto miaka tisa iliyopita, kwenye kona yenye magogo, siku ya kwanza ya wadudu. Hatukumpata. Tangu hapo, kila mwaka, asubuhi baada ya wadudu kutoka mara ya kwanza, nakuta kwenye jiriwa langu chambo kimoja ambacho sikukifunga mimi. Uzi umezunguka kinyume. Cha kwanza nilidhani ni pombe. Vyote vinane nilivitupa kwenye jiko la kuni bila kuvitazama mara mbili. Naogopa, na sioni haya kusema.

Mwaka huu Maren alinitangulia. Ni binti wa Lyle, ana miaka ishirini, na ulimi ni wa mama yake mtupu. Nilishuka karakanani na kahawa yangu nikamkuta kwenye kiti changu, amekishika chambo anakigeuzageuza.

"Anko, umeanza lini kufunga kishoto?"

"Kiweke chini."

"Hata salamu hakuna? Kizuri, bwana. Kuliko vyako, na usininunie."

"Maren, kiweke chini."

"Siweki. Leo jioni naenda nacho kwenye kona ya magogo. Miaka tisa mnanizuia kama mtoto mchanga. Wametoka jana, si umeona? Basi leo hanizuii mtu."

Nilijisemea, Lyle kanikosa mimi, sasa anamwita mwanawe. Ndipo nikasema maneno ambayo hata mke wangu alikufa hajayasikia.

"Baba yako aliniita," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuwa na taa. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu naye, nikasogea chini kumfuata samaki wangu. Akaniita kwa jina, mara mbili. Samaki alikuwa ameshika mshipi, mkubwa, nikajibu, subiri kidogo. Nikamtoa samaki kwanza. Nilipofika pale, hakuna mtu. Usiende kule, mwanangu. Atakuchukua."

Maren hakulia.

"Alikuwa na ukubwa gani?"

"Nani?"

"Huyo samaki."

"Inchi ishirini na sita."

"Mlimla?"

"Nilimrudisha mtoni."

Alitikisa kichwa polepole, kisha akanisogezea chambo usoni. "Ulishawahi kukitazama hiki sawasawa? Mfungaji mzima wewe. Tazama ndoana."

Nilitazama. Haikuwa na ncha. Imekatwa kwa koleo, mahali palipokatwa pakasuguliwa pakawa laini.

"Baba alikuwa ananikatia hivi nilipokuwa mdogo," alisema, "nichomeke kofiani nisijidunge. Kimoja kila mwaka, wadudu wakitoka. Huyu haniiti, Anko. Ananiletea." Kisha akauliza, "Vingine viko wapi?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye jiko, na yake yakayafuata.

Alichomeka chambo kwenye kofia yake, taratibu, akahakikisha kimekaa. "Mtoni siendi tena," alisema. "Nilichokuwa nakitafuta kule ninacho. Na wewe usinipigie simu."

Aliondoka akauacha mlango wazi. Nilisimama kizingitini nikisikiliza gari lake hadi lilipovuka daraja. Moyo uliniuma, lakini sitasema uongo, nilishukuru pia: mtoto amepona. Nikarudi kwenye meza kuendelea na kazi, maana nilikuwa na vyambo ishirini vya kumaliza kabla ya mchana.

Jiriwa, ambalo Maren aliliacha tupu, lilikuwa na chambo kingine. Manjano, ukubwa wake uleule, uzi kinyume. Hiki hakikuwa cha kofia ya mtoto: ndoana yake ilikuwa na ncha, tena imenolewa. Fundo la mwisho lilikuwa bado kufungwa. Uzi ulining'inia mezani, na ulikuwa ukidondosha maji.