Mahameli ya Bibi Harusi

Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja. Ukikata kipande kimoja kichwa chini, chumbani huoni kitu, lakini juani gauni linakuwa na rangi mbili. Nililijua kosa nilipopitisha kiganja ubavuni mwa gauni la bibi harusi: kushoto kulikuwa laini, kulia kulikwaruza.

"Dada, hiki umekigeuza," nilinong'ona.

"Harusi ni ukumbini, si shambani," alinijibu bila kuinua macho. "Shangazi alishasema nikiharibu kitambaa kingine nitafute pa kwenda. Unataka nifukuzwe?"

Sikutaka. Dada ndiye aliyenileta pale dukani, na ndiye anayenilipia chumba. Nikashona. Nikafumua pindo lisilo na kosa, nikalishona upya. Nikanywa maji bila kiu.

Shangazi, mwenye duka, alikuwa akibishana na fundi wa vifungo, tunayemwita Profesa kwa sababu redio haimtoki sikioni.

"Wema unatoka kwa Mungu," alisema Shangazi. "Asiyemcha Mungu ni mnyama aliyevaa nguo."

"Basi sisi tunavisha wanyama!" Profesa akacheka. "Watu waliacha ubaya kwa kuogopa kusutwa, Shangazi. Mzibe jirani macho uone nani mwema."

"Wewe ungekuwa wa kwanza kuiba."

"Ndiyo maana nakaa mlangoni, mnione."

Sindano ikanichoma. Mimi nani alikuwa ananiona? Mungu, sawa. Lakini Mungu alikuwa anamwona Dada pia, na Dada alikuwa akikata kola huku akipiga mluzi.

Bibi harusi akaja kujaribu. Alizunguka mbele ya kioo mpaka Shangazi akapiga makofi. Dada akasema gauni limemkaa kama ngozi. Ndipo bibi harusi akanigeukia mimi, ambaye siulizwagi kitu.

"Na wewe, mdogo wangu, nimependeza?"

Alikuwa ananiangalia kama mtu atakayeliamini jibu lolote. Nikamshika mkono, nikamtoa nje juani, nikamwonyesha ubavu wa kulia ulivyofifia.

"Jamani! Na picha tunapigia bustanini!"

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni. "Nani kakata?"

Ujasiri wangu uliishia hapo.

"Mimi," akasema Dada.

Profesa akazima redio. "Huyu anaogopa hata kusalimiwa," alisema akinitazama. "Sasa kusutwa na nani kumemtoa nje?"

Dada alikusanya mkasi na chaki zake, Shangazi akiwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Nani alikutuma?" Dada aliniuliza.

"Sijui, Dada."

Alifika mlangoni, akasimama, akasema bila kugeuka: "Kipande kilichobaki kimo kabatini. Kinatosha ubavu mmoja. Manyoya yaelekee chini."

Akaenda. Bibi harusi akavua gauni. Nikachukua wembe nianze kufumua, nikauweka tena mezani, nikatazama mlango aliotokea Dada.