Saa za Duka la Hasanali

Raymundi wa Puge aliingia Tabora siku ya Ijumaa, jua la utosi, juu ya baiskeli yenye mnyororo unaolia, amenuna kama mtu aliyeibiwa. Msimwonee huruma upesi. Hakuibiwa kitu. Mpira wa timu aliuua mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Timu ya kijiji cha Lusu ilikuja kucheza Puge. Refa akampigia Raymundi filimbi kwa kumkwatua Sylvester, kepteni wa Lusu, na Sylvester, alipoinuka, akacheka. Kucheka tu! Raymundi akakimbilia baiskeli yake, akachomoa kisu cha kukatia tumbaku, akautumbua mpira wa watu mbele ya padri na kina mama waliotoka misa. Mechi ikavunjika. Ikapangwa irudiwe hapohapo Puge, Jumapili inayofuata.

Wenzake hawakumpiga, ingawa alistahili. Nikolaus, golikipa, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: "Aliyeua mpira atauzaa. Mwenyeji ndiye hutoa mpira. Jumapili usipouleta, utavua jezi, na uwanja huu usiukanyage tena."

Mwambie Raymundi avue ngozi, lakini si jezi. Miaka tisa alikuwa kepteni. Shamba lake la karanga halikumpa sifa, mke alimkimbia, na kanisani aliketi benchi la mwisho. Ila akivaa ile jezi nyekundu hata wazee walimwita kwa jina lake. Hilo moja ndilo alilokuwa nalo duniani.

Sasa, mpira wa ngozi Tabora uliuzwa duka moja, la Hasanali, Mhindi wa vyombo vya michezo: njumu, pampu, raketi za Wazungu. Raymundi alipofika akakuta milango imefungwa. Barazani alikuwapo fundi cherehani, mtu mzima wa kofia nyeupe, anafunika mashine yake aende msikitini. Jina lake Twalibu.

"Duka hufunguliwa saa ngapi?" Raymundi akauliza. Shikamoo hakutoa.

Twalibu akamtazama toka vumbi la nywele mpaka vumbi la miguu. "Umetoka wapi wewe, na barabara nzima umeivaa?"

"Puge."

"Puge! Mnyamwezi basi! Mtani wangu!" Twalibu akapiga makofi. "Mimi Mzaramo. Babu yako alibeba pembe mpaka kwetu pwani, akafika miguu imevimba, akala muhogo wa babu yangu wiki mbili, akaondoka bila kuaga. Leo umekuja kuaga?"

Hapo Mnyamwezi mwenye akili zake angemtukana Mzaramo babu yake naye, wakacheka wote wawili, mambo yakaisha. Ndivyo utani ulivyo tangu siku za misafara: matusi yote ruhusa, hasira marufuku. Raymundi aliyajua hayo tangu anyonye. Lakini tangu Sylvester amcheke, meno yote aliyoyaona aliyaona ni ya Sylvester.

"Nimekuuliza saa," akasema.

"Mnyamwezi na saa, wapi na wapi! Haya, sikiliza, mbeba mizigo we. Tajiri amefunga kwa sala. Atafungua saa nane. Saa kumi kamili atafunga, apande treni ya Mwanza kumwoza binti yake. Kesho hakuna duka, keshokutwa hakuna, mpaka Jumatano. Kama unataka kitu, saa nane uwe hapa." Akacheka tena. "Au ulale, kama babu yako!"

Mlangoni palibandikwa karatasi ya Kizungu na Kihindi. Raymundi aliikodolea macho, asiambulie hata neno.

"Hii inasemaje?"

"Mimi nasoma Kurani, bwana. Kizungu sikijui. Lakini tajiri kaniambia kwa kinywa chake."

Ala! Raymundi akaona amekwisha kujua mchezo. Mwaka juzi mtani mmoja pale stesheni alimwambia mjomba wa Raymundi kwamba treni imechelewa, na treni ikaondoka mjomba anakula karanga. Puge nzima ilicheka mwezi mzima. Sasa huyu naye anataka akimbizwe mtu wa Puge kwenye jua, apigishwe foleni mbele ya kufuli, apate cha kusimulia msikitini. Duka la Mhindi lisifunguliwe Jumamosi? Siku ya soko? Mwambie mjinga.

"Mwongo mkubwa!" akafoka, akaikwapua ile kofia nyeupe, akaitupa vumbini, akaikanyaga.

Kicheko cha Twalibu kikakatika. Wapita njia wakasimama.

"Mtani hakasirikiwi," Twalibu akasema taratibu.

"Mimi si mtani wako. Mbwa we."

Twalibu akaokota kofia yake, akaikung'uta, akaivaa hivyohivyo na alama ya kiatu juu yake, akaenda zake kusali.

Raymundi akashika njia ya Cheyo, kwa shangazi yake Apolinaria. Akaamkia, akaitikiwa, akaandaliwa ugali wa mtama na mchicha wa karanga, akasimulia, akajisifu jinsi alivyomkomesha Mzaramo. Shangazi hakusifu.

"Saa nane hiyo inakaribia, mwanangu. Rudi ukatazame. Kutazama hakuumi."

"Nirudi anione nimemwamini? Siendi!"

"Hasira hasara, Raymundi."

"Kesho asubuhi, shangazi. Saa mbili. Duka litafunguliwa, utaona."

Akajilaza kivulini na kusinzia. Jioni, jua likipunga, akasikia treni ya Mwanza ikipiga honi mara mbili. Akageukia upande wa pili.

Asubuhi ya Jumamosi akakuta kufuli. Kubwa, la chuma, na minyororo miwili. Soko lilikuwa limejaa watu, maduka mengine yote wazi, na la Hasanali limefumba. Raymundi akalitikisa lile kufuli kwa mikono miwili kama mwendawazimu. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda, tiki tiki tiki.

"Wewe!" akamgeukia Twalibu. "Yuko wapi tajiri?"

"Mwanza." Twalibu hakuinua macho.

"Na mpira?"

"Ulikuwa umebaki mmoja. Saa nane alikuja mtu wa Lusu, mrefu, meno ya mbele yamepishana. Akautaka."

Raymundi akamtambua: Sylvester.

"Nikamwambia tajiri, usiuze, kuna mtani wangu wa Puge anakuja. Tajiri akanisikiliza. Mtu wa Lusu akakaa hapo ngazini kungoja. Saa tisa nikasimama njiani kukutazamia, nikaacha suruali ya watu haina mguu. Saa kumi tajiri ananiuliza, huyo mtani wako yuko wapi? Ningemjibu nini?"

"Uliniwekea?" Raymundi akauliza. "Baada ya ile kofia?"

"Utani hauishi kwa kofia."

Hapo palikuwa mahali pa kuomba radhi. Lakini Raymundi alikuwa Raymundi. "Ungeniambia bila kucheka!" akapiga kelele. "Ningekuamini!"

Sasa Twalibu akasimamisha mashine. "Mtani huambiwa vipi, kwa kulia? Hata siku utakayokufa nitakuja kukuzika nikikucheka, na kaburi litachimbwa vilevile." Akarudi kwenye mshono wake. "Toka kwenye mwanga wangu."

Raymundi akakanyaga pedali siku nzima. Akalala njiani, akafika Puge Jumapili mchana, midomo imepasuka, wakati timu zote mbili ziko uwanjani. Nikolaus akatazama nyuma ya baiskeli: kamba tupu. Sylvester akauchomoa mpira mpya kwenye kikapu, unanukia ngozi, akaudundisha mara moja.

"Tulisikia hamna, tukawaletea," akasema Sylvester. "Tunaomba visu vikae mbali tu."

Uwanja mzima ukacheka, wa Lusu na wa Puge. Nikolaus peke yake hakucheka. Akamsogelea Raymundi.

"Ilikuwaje?"

"Duka lilifungwa."

"Lilifungwa lini?"

"Juzi. Saa kumi."

"Nawe ulifika Tabora saa ngapi?"

"Kabla ya sala ya mchana."

"Hukuwa na wa kumuuliza saa za duka?"

Raymundi akatazama chini. "Nilimuuliza mtu."

"Akakudanganya?"

Angeweza kusema ndiyo. Ni nani angekwenda Tabora kuuliza? Akafungua mdomo, na akaiona ile kofia nyeupe yenye alama ya kiatu chake.

"Hapana," akasema. "Aliniambia kweli."

Nikolaus akanyoosha mkono, akangoja. Raymundi akavua jezi, akaikunja, akampa.