Fundi Aliyempandishia Mkewe Wimbo

Kurekebisha piano kunataka kitu kimoja ambacho ukumbi ule haukuwa nacho: kimya. Fundi aliingia saa mbili asubuhi, akagonga kibao cha kwanza cha piano, na papo hapo mama wa usafi akaanza kuburuta viti.

"Mama, nipe nusu saa tu ya utulivu."

"Na mimi naomba sakafu ijifagie, baba. Tuone nani atajibiwa kwanza."

Viti vilipokwisha ikaja mashine ya kusagia matunda. Ilipozimwa akaja mtu wa spika na "moja, mbili, moja, mbili" zake, kama aliyesahau kuwa kuna tatu. Fundi akauma meno. Piano ile ilikuwa haijaguswa miaka kumi na moja. Nyuzi zililegea hadi sauti yote ikashuka nusu hatua, yaani kibao kimoja kizima, na mpiga saksafoni, ambaye chombo chake hakishuki hivyo, aliapa hapigi nayo mpaka ipandishwe. Nyuzi zaidi ya mia mbili, moja moja. Ukifika mwisho unaanza upya, maana za mwanzo zimeshalegea tena.

Lakini hakuwa akitoa jasho kwa ajili ya saksafoni. Jioni ile, kwenye onyesho la jazi na bluzi, mkewe alipewa wimbo mmoja. Miaka tisa hakuwa amesimama mbele ya watu, tangu alipopasuliwa koo. Sauti ilirudi nzito na nzuri, ila juu ilikuwa na dari. Wiki nzima alifanya mazoezi pale ukumbini na mpiga gita na mpiga piano, bwana mmoja waliyemwita Vidole.

"Nikishindwa leo," alimwambia mumewe kabla hajatoka nyumbani, "usinitajie kuimba tena. Nitaziimbia sufuria."

Saa kumi na moja jioni piano ilikuwa imenyooka. Mkewe akafika, Vidole akaanza, naye akaingia. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye kiitikio, pale juu kabisa, sauti ikakatika. Wakarudia. Ikakatika tena.

"Baba Watoto, umeifanya nini piano?"

"Nimeitengeneza."

"Jana nilikuwa nafika pale. Leo sifiki."

Hapo ndipo fundi alipoelewa. Mkewe alijifunza wimbo kwenye piano iliyoshuka, naye ameshinda kutwa akiipandisha. Kwa koo lile, nusu hatua ni ukuta. Yeye anayejisifia masikio kila siku, hata kumuuliza mkewe hakumuuliza!

"Vidole, ushushe wimbo. Anzia kibao kimoja chini."

"Mzee wangu, mimi muziki sikuusomea. Wimbo huu naujua kwa njia hii moja. Ukinihamisha nyumba, hata choo sikioni."

Mwenye ukumbi akaja na jibu lake. "Si umeipandisha mwenyewe? Basi ishushe."

"Hii ni kazi ya siku nzima, bosi! Unadhani pazia?"

"Ikishuka, mimi naondoka," mpiga saksafoni akasema, wala hakuinua macho.

Mkewe alikuwa ameshachukua mkoba. "Msigombane. Nilijua tu. Naenda zangu."

"Kaa kwanza, mke wangu." Fundi akamgeukia mpiga gita. "Nyuzi zako ni sita tu. Zilegeze tena zote nusu hatua, kama kwenye mazoezi, umpigie peke yako."

"Na piano?"

Fundi akashusha kifuniko cha vibao. "Piano ifungwe."

Saa mbili usiku mkewe akapanda jukwaani na gita moja nyuma yake. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Kiitikio kilipofika akafumba macho, akapanda, akafika, akakaa huko huko juu mpaka meza za nyuma zikapiga kelele.

Mtu aliyekaa karibu na fundi akampiga kikumbo kwa furaha. "Umeona, kaka? Huyu mama hahitaji piano. Ingemharibia tu."

Fundi alikuwa akilisikiliza gita. Uzi wa tatu wa gita ulikuwa umelegezwa kupita kiasi, unywele mmoja hivi. Ukumbi mzima hakuna aliyesikia ila yeye, na kila ulipoguswa mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe kutaka kuukaza. Akaukalia mkono, akasikiliza wimbo hadi mwisho.